MLANGO WA BABA USIFUNGWE

Masomo: Luka 15:11-32, Waefeso 6:4



Katika makazi yetu haya ya Nakivale, nyumba yenye watoto wanane au tisa si ajabu, na tunamshukuru Mungu kwa baraka hiyo. Tena tunawalea kwa bidii: maombi ya alfajiri, kwaya, kufunga, mikesha. Mashamba na ng'ombe tuliviacha nyuma, kwa hiyo jina jema la nyumba ndiyo mali iliyobaki. Lakini tujiulize: mali hiyo anaibeba nani? Mara nyingi ni binti mkubwa. Ndiye anayechota maji kabla ya jua, ndiye anayewaogesha wadogo zake, na ndiye anayeambiwa kila siku, "Usituaibishe."

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa habari za nyumba ya Wesley, huko Epworth, Uingereza. Mama Susanna, mke wa mchungaji Samuel, alizaa watoto 19, na 10 wakakua. Walifundishwa tangu uchanga kuogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Pia kila mtoto alikuwa na jioni yake katika juma ya kuongea na mama peke yake. Ya John ilikuwa Alhamisi. Humo walitoka John na Charles, na kwao likaanza kundi la Wamethodisti.

Lakini yuko binti ambaye hatumtaji sana: Mehetabel, aliyeitwa Hetty. Alikuwa na akili nyingi. Mwaka 1725 aliondoka na mwanaume aliyemwahidi ndoa, naye akamdanganya. Akarudi nyumbani na mimba. Baba akaharakisha kumwoza kwa fundi wa mabomba, William Wright, na ndoa hiyo ikawa ya machozi. Hetty aliomba msamaha, lakini moyo wa baba haukulainika. Mwaka 1726 John alihubiri huko Wroot, katika parokia ya baba yake, juu ya kuwahurumia walioanguka. Baba alikasirika, akaona ni yeye anayesemwa.

Tazameni, wapendwa! Nyumba ile ile iliyotoa wahubiri wakubwa ilimfungia mlango binti yake. Watoto walikuwa wamezoezwa kulia kwa sauti ya chini, na siku kilio cha kweli kilipokuja, baba hakukisikia.

Baba wa Luka 15 hakufanya hivyo. Alimtazamia mwanawe njiani, akamkimbilia, wala hakuuliza majirani watasema nini. Tena akatoka nje kumbembeleza yule mkubwa, aliyetii miaka yote huku moyoni akijiona mtumwa. Nao watoto wetu watiifu wanahitaji kubembelezwa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila mtoto apewe saa yake katika juma, mzazi asikilize, asikaripie. Jambo hilo la Mama Susanna tuliige.

Pili, kazi za nyumbani zigawanywe. Mvulana naye ana mikono ya kubeba dumu la maji.

Tatu, binti akipata mimba, asifukuzwe, wala asiozwe haraka ili kuficha aibu. Kule nyumbani angekimbilia kwa bibi au shangazi. Hapa ugenini, ukimfungia mlango, atalala wapi? Tena tusihukumu upesi: wengine hawakuanguka, waliangushwa. Kanisa likimrudi mtu, ni kwa kumponya, si kwa kumtupa.

Wapendwa, kama yuko mzazi kati yetu ambaye binti yake analala kwa watu, asingoje binti aanze. Aje kwa wazee wa kanisa, tutaandamana naye kwenda kumchukua. Sisi sote tuliokuja hapa tulipokelewa tukiwa mikono mitupu. Tusimnyime mtoto wetu kile tulichopewa na wageni.

Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu. Amina.