Je, Kutochafua Maji Kuna Ujira?

Tumeulizwa swali nasi twaona lastahili jawabu: yafaa mali ya umma apewe mwenye ardhi ili ayalinde maji wayanywayo wenziwe?

Maji mengi ya mji wa Nairobi hutoka mito ya juu ya Tana, na bwawa lake kubwa liko Ndakaini, Murang'a. Mvua huuchukua udongo wa mashamba ya vilimani ikautia mitoni, gharama ya kuyasafisha maji ikazidi. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji kuwasaidia wakulima wa huko kwa miche, majani ya kushika udongo, na vidimbwi vya maji ya mvua.

Wako wasemao, "Huku ni kumlipa mtu asidhulumu." Neno hili lina nusu ya haki. Kutomdhuru jirani ni wajibu, na wajibu hauna ujira. Lakini aachaye ukingo wa shamba lake, akapanda majani badala ya mahindi, ametoa sehemu ya riziki yake kwa faida ya watu asiowajua. Kumsaidia huyo ni uadilifu, maana apataye manufaa na achangie gharama.

Sasa tushuke Kibera. Bwawa la Nairobi, lililojengwa kando yake mwaka 1953, limejaa taka na magugu. Huko, na Kawangware pia, ajengaye vyumba vya kupangisha akauelekeza uchafu mtoni hastahili ruzuku. Aamrishwe kuyaondoa madhara yake. Na mpangaji maskini hununua maji kwa mtungi, mara nyingi kwa bei ipitayo ya mwenye bomba nyumbani, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Basi mwenye shamba mlimani akilipwa kwa mali ya wote, na maskini wa bondeni akabaki na kiu, mizani imepotoka.

Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa watu ni washirika katika maji. Na Sayyidna Uthman alipokinunua kisima cha Ruma, hakukusudia kumtajirisha mwenye kisima, alimkusudia mnywaji. Hicho ndicho kipimo cha kila ruzuku.

Wala sisi wa Mwambao tusidhani haya ni ya Nairobi pekee. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka Mzima, mbali na macho yetu. Ni nani ayalindaye, nasi twamsaidia kwa lipi? Na kabla ya hayo, ndugu msomaji, mfereji wa nyumba yako waelekea wapi?