Nenda Ukavae Joho la Pili

Nawaandikia ninyi mlio katika vyuo vya udaktari, Muhimbili na Bugando, Moshi na Mulago, Nairobi na Lubumbashi, mnaokesha na anatomia na kuamkia raundi ya wodi. Wapo kati yenu wachache ambao moyo hauwatulii. Tiba wanaipenda, lakini usiku, masomo ya kliniki yakishawekwa kando, wanafungua vitabu vya historia, falsafa, fasihi, anthropolojia. Wengi hulificha jambo hili kana kwamba ni utoro. Ndugu yangu, usilifiche tena. Maliza udaktari wako, kisha nenda ukasome insia mpaka shahada ya uzamivu. Na penye nafasi ya kuvisoma vyote viwili sambamba, ichukue. Najua uzito wa ninachokuomba. Nakuomba miaka ya ujana wako, na hiyo hairudi.

Wala usiambiwe kuwa haya ni mageni. Kanisa limepokea tangu kale kwamba Injili ya tatu na Matendo ya Mitume viliandikwa na Luka, naye alikuwa tabibu: mtu wa dawa aliyeketi kuchunguza na kuandika mambo yalivyotokea. Andalusia ya karne ya 12 ilimpata Ibn Rushd, kadhi wa Sevilla na Cordoba, mganga wa khalifa, mwandishi wa kitabu kikubwa cha tiba na mfafanuzi wa Aristotle. Hakuchagua moja.

Lakini nisikushawishi kwa wakale peke yao. Twende Haiti.

Mwaka 1983 kijana wa Kimarekani, Paul Farmer, alifika huko. Mwaka uliofuata alianza udaktari Harvard, na badala ya kutulia Boston akawa anakwenda na kurudi Cange, makazi ya wakulima ambao mashamba yao yalikuwa yamemezwa na bwawa la umeme. Mwaka 1990 alihitimu kwa pamoja udaktari wa tiba na uzamivu wa anthropolojia. Wakati huo Wahaiti walikuwa wakinyooshewa kidole kwamba ndio waliopeleka UKIMWI Marekani. Farmer alikaa na wagonjwa, akasoma historia ya kisiwa kile, akafuata njia za watalii, za fedha na za wahamaji, na katika kitabu chake cha mwaka 1992 akatoa hoja kwamba ushahidi wa wakati ule ulielekea upande wa pili: huenda virusi vilifika Haiti kwa kufuata mahusiano yake na Marekani. Darubini peke yake isingeliuliza swali hilo. Wala mwanahistoria asiyejua mwenendo wa virusi asingethubutu kulijibu.

Kisha likaja suala la kifua kikuu, na hapa naomba tukae kidogo. Pale Cange watu walikuwa wakifa kwa kifua kikuu ilhali dawa ilitolewa bure. Baadhi ya wahudumu walikuwa na jibu mkononi: watu hawa wanaamini ugonjwa umetumwa na mchawi, ndiyo maana hawamalizi dawa. Jibu hilo ni tamu kwa daktari, kwa sababu linamtua mzigo na kumtwika mgonjwa. Farmer na wenzake hawakulimeza. Walilinganisha makundi mawili ya wagonjwa. Kundi moja lilipata dawa bure, basi. La pili lilipata dawa hizo hizo, pamoja na mhudumu wa kijiji wa kuwatembelea, chakula cha nyongeza na fedha kidogo za nauli na matumizi ya nyumbani. Wa kundi la pili walipona wote. Wa kundi la kwanza, karibu nusu tu. Na walipoulizwa habari za uchawi, ikaonekana kwamba kuamini au kutoamini hakukuwatenga waliopona na wasiopona. Mtu aliweza kusadiki kwamba jirani amemroga na bado akameza vidonge vyake mpaka mwisho, alimradi ana chakula tumboni na nauli mkononi.

Angalieni kilichotendeka pale. Anthropolojia ilimfundisha kumuuliza mgonjwa anaamini nini, na kumsikiliza kwa lugha yake. Tiba ikamfundisha kupima kama imani hiyo ndiyo inayoua. Angekuwa na elimu moja tu, angeandika sura nzuri kuhusu uchawi, au angeandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mkaidi. Vyote viwili vingekuwa uongo, na watu wangeendelea kuzikwa.

Tusidhani basi kwamba imani haina nguvu popote. Miaka ya 1990, watafiti waliokaa na akina mama wa Bagamoyo walikuta mambo mengine. Mtoto akishikwa na degedege, mara nyingi alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, na ilikuwepo hofu kwamba sindano itamuua. Watoto wa namna hiyo huweza kuwa na malaria kali, na kila saa ina thamani. Cange kikwazo kilikuwa umaskini. Huku kwetu pwani hofu nayo ilishika njia. Nani atakayezitofautisha hali hizi mbili, mtoto akiwa mikononi? Ni yule aliyefundishwa kuzipima zote mbili, akafundishwa kwa miaka, siyo kwa semina ya siku mbili hotelini.

Na mumiani je? Hakuna mtu wa pwani asiyekua na habari za mumiani, wanyonya damu. Zama za ukoloni, watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliwashuku wazimamoto kuwa ndio wakamataji. Daktari mgeni wa historia anapofika kijijini na sindano za kuchukulia damu, akaona kina mama wanavuta watoto ndani, atasema: ujinga. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, aliuchukua uvumi huo kama ushahidi, akasikia ndani yake namna watu walivyouelewa utawala uliowatoza jasho na miili yao pasipo kuwaomba idhini. Ukilijua hilo, hutaingia kijijini na kisanduku cha sampuli kabla hujaketi barazani na wazee, ukaeleza damu inakwenda wapi na majibu yatarudi lini. Na majibu utayarudisha.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili, alijifunza jambo hili kwa kushindwa. Alifika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria, mwaka 1953, akaleta mbinu mpya alizozipata Ufaransa: sherehe, filamu, gazeti la wodi, kazi za mikono. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu mambo yalifana. Katika wodi ya wanaume Waislamu hayakusogea. Mwingine angeandika kwamba akili za wenyeji hazitibiki, na ndivyo hasa walivyokuwa wakiandika mabingwa wa Kifaransa wa siku hizo. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay waligeuka wakajihukumu wenyewe: walikuwa wameleta maisha ya Ulaya na kuwataka watu wapone ndani yake. Wakachunguza jinsi wagonjwa wao walivyoishi kwao. Ukafunguliwa mkahawa kama wa mitaani, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, akaitwa msimulizi wa hadithi. Wodi ikaanza kupata uhai, nao wakachapisha matokeo mwaka 1954.

Fanon huyo huyo, alipokuwa mwanafunzi Lyon, alitaka andiko lake la udaktari liwe juu ya kile ambacho ubaguzi wa rangi hufanya katika nafsi ya mtu mweusi. Likakataliwa. Akaandika jingine juu ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu, akapewa shahada. Lile lililokataliwa likatoka kama kitabu mwaka 1952, na mpaka leo dunia inalisoma. Wakuu wa vyuo, nawasihi kwa unyenyekevu: mkumbukeni Fanon kila mnapomwambia mwanafunzi kwamba mada yake si ya kitivo chenu.

Najua mtakayoambiwa. Wazazi watasema: mwanangu, miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, bado unataka historia? Wadogo zako watasoma lini? Hilo ni swali la haki, wala usilijibu kwa dharau. Mkopo unadai, na mshahara wa daktari mmoja hulisha nyumba tatu. Mweleze mama kwa upole, panga miaka yako, fanya kazi kwanza kama ni lazima. Lakini usikubali kwamba utakuwa umepotea. Farmer hakupotea. Jim Yong Kim, mwenzake aliyesoma njia hiyo hiyo ya tiba na anthropolojia Harvard, aliongoza Benki ya Dunia kuanzia 2012 hadi 2019.

Wengine watasema madaktari ni wachache, tusiwapoteze maktabani. Nami nasema uchache huo ndio sababu. Penye madaktari haba, kosa la mpango mmoja wa afya halina wa kulisahihisha.

Wapo pia watakaosema: mwajirini mwanasosholojia, akae pembeni ya daktari. Aajiriwe, naam, na alipwe vizuri. Ila mara nyingi huitwa mpango ukishaanguka, aeleze kwa nini watu wamekataa. Hakuwepo siku swali lilipotungwa. Anayehitajika ni mtu ambaye maswali yote mawili yanamjia kwa pamoja akiwa ameinama juu ya kitanda.

Hata chumba cha kliniki kinamngoja mtu huyo. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1984 ulikuta madaktari wakimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Rita Charon, daktari wa New York, aliona kwamba kazi yake kubwa ni kupokea masimulizi, na kwamba hakuna aliyemfundisha kuyapokea. Akaenda kusoma fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Columbia, akapata uzamivu mwaka 1999, na mwaka 2000 akaanzisha hapo programu ya kuwafundisha madaktari kusikiliza. Nasi tulio na utenzi, ngano na mafumbo, tuna nini cha kutuzuia?

Marekani, serikali inagharimia mafunzo ya udaktari pamoja na uzamivu tangu 1964, ingawa sehemu kubwa huenda kwa watu wa maabara. Kwetu mlango huo haujachongwa, na hauhitaji kasri. Muhimbili ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi 2007, na Ndaki ya Insia ipo Mlimani, safari ya daladala. Mulago na Makerere ni vilima jirani. Wakuu wa vyuo, kaeni meza moja: mwanafunzi apate wasimamizi wawili, mmoja kila upande, nafasi yake wodini itunzwe, daktari aliyeajiriwa apewe ruhusa ya masomo na mshahara wake, kama apewavyo anayekwenda kusomea upasuaji.

Nawe kijana, usingoje wakae. Wiki hii tafuta faili la mgonjwa mmoja aliyeandikwa kuwa ametoroka dawa. Omba ruhusa, nenda na mhudumu wa afya mpaka kwake, keti, uliza, nyamaza. Kisha panda daladala uende kwa mwalimu wa historia au wa fasihi, umweleze ulichosikia, na umuulize uanze na kitabu gani.