Mhitimu na Kitabu cha Mtoto

Nchini Marekani iko desturi ambayo mtu wa kwetu akielezwa kwa mara ya kwanza aghalabu hucheka. Kijana amemaliza masomo ya sekondari au ya chuo kikuu, amevaa joho, amepigwa picha na jamaa zake; kisha miongoni mwa zawadi zake mna kitabu cha watoto wadogo, chenye picha kubwa za rangi na maneno machache katika kila ukurasa. Mara nyingi kitabu chenyewe ni Oh, the Places You'll Go! cha Theodor Seuss Geisel, ajulikanaye zaidi kwa jina la Dr. Seuss. Kilitolewa mwaka 1990, mtungaji akiwa na umri wa miaka 85, nacho kikawa cha mwisho kutolewa katika uhai wake, kwani alifariki mwaka 1991. Tangu hapo kila msimu wa mahafali hununuliwa kwa wingi.

Tusifanye haraka kucheka. Mtu anayeanza maisha mapya huwa mtoto kwa mara ya pili: hajui desturi za kazini, hajui kuitunza nyumba, hajui hata namna ya kumjibu mkubwa wake wa kazi. Hotuba za mahafali humtaka asimame kama shujaa. Hadithi ya mtoto humruhusu aogope. Na hadithi za namna hiyo, hata kwetu sisi tuliozipokea kwa mdomo na si kwa kitabu, zina heshima yake. Husema neno zito bila ya kumfedhehesha msikilizaji. Swali letu basi ni hili: hekima anayopewa mhuyo mhitimu ni ipi, na je, yamtosha?

Katika kitabu cha Dr. Seuss mvulana mdogo aliyevaa nguo za manjano aondoka kwao peke yake. Hupaa juu, huanguka, hupotea njia. Kisha hufika mahali ambapo watu hawafanyi lolote ila kungoja, huyu angoja chombo cha safari, yule angoja jibu. Kijana aliyepeleka barua za maombi ya kazi mwaka mzima bila kujibiwa apajua mahali hapo vizuri kuliko mtungaji. Twamsifu mzee yule kwa kutomdanganya kijana: amwambia waziwazi kwamba atashindwa, na kwamba kuna siku atakuwa mpweke. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho maneno yake ni ya mtu mmoja: akili zako, miguu yako, safari yako. Aliyemlea mvulana hatajwi. Anayemngoja nyumbani hatajwi.

Hata hivyo wasomaji wenyewe wamekitia kitabu hicho jambo ambalo mtungaji hakuliandika. Wazazi wengine hukinunua siku mtoto anapoingia shule kwa mara ya kwanza, wakakificha. Kila mwisho wa mwaka humpelekea mwalimu wa mwaka ule, naye huandika pembeni maneno mawili matatu na kutia sahihi yake. Mtoto haelewi lolote mpaka siku ya kuhitimu, miaka kumi na miwili au zaidi baadaye, anapokabidhiwa kitabu kilichojaa miandiko ya walimu wake wote, na pengine baadhi yao wamekwisha kufa. Maneno yaliyopigwa chapa yasema kwamba mvulana alikwenda peke yake. Ile miandiko ya kalamu yakanusha.

Kitabu kingine ambacho wahitimu wa huko hupewa ni The Giving Tree cha Shel Silverstein, cha mwaka 1964. Mti wampenda mtoto. Wampa matunda akauze, matawi ajenge nyumba, shina achonge chombo cha kusafiria. Mwishowe, mtoto akiwa kikongwe, wampa kisiki akalie, na mti wafurahi. Wasomaji wamebishana miaka mingi: je, huu ni upendo au ni unyonyaji? Sisi hatuoni kosa la mtoto katika kupokea, kwani mtoto asiyepokea hakui. Kosa lake ni kwamba kila aliporudi alirudi na haja, wala hakurudi hata siku moja na kata ya maji. Mzazi auzaye ng'ombe ili alipe ada hufurahi kama mti ule. Furaha yake haimfutii mwana deni.

Mwaka huohuo wa 1964 Mwalimu Nyerere, akilieleza Bunge mpango wa maendeleo wa miaka mitano, alitoa mfano unaofaa kuwekwa karibu na mti huo. Aliwafananisha waliopata elimu na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila asirudi, ni msaliti. Mfano huu una ukali wake, nasi twaukubali. Lakini nani ataamua mzigo aliorudi nao ni chakula au si chakula? Ndugu wengine hudai mshahara wote wa kijana tangu mwezi wa kwanza, wakaita kudai huko utu.

Hapo ndipo twamkumbuka panya Frederick, katika kitabu cha Leo Lionni cha mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Panya wa shambani wakusanya mahindi, njugu, ngano na majani makavu kwa ajili ya majira ya baridi. Frederick amekaa. Akiulizwa, ajibu kwamba naye anafanya kazi: akusanya miale ya jua, rangi na maneno. Kwa kauli tuliyoizoea, asiyefanya kazi na asile, Frederick angelala njaa. Wenzake walimwacha ale. Baridi ilipokaza na akiba ikaisha, aliwasimulia jua mpaka wakaona joto, akawaeleza rangi za maua mpaka wakaziona.

Kama tungeulizwa ni kitabu gani apewe kijana wa kidato cha sita, tungemchagulia hiki, ingawa twajua wavivu watakishika kama ngao. Frederick alilipa kwa mali isiyofanana na ile aliyokula; lakini aliilipa akiwa ndani ya ukuta uleule wa mawe, pamoja na waliomlisha. Na kuna jambo ambalo hadithi hailisemi. Wakati wa mavuno panya wale hawakuwa na njia yoyote ya kujua kama mwenzao anakusanya kweli au anaota jua tu. Ni yeye mwenyewe aliyejua.

Mwalimu anayeletewa kitabu cha mtoto wa miaka sita atie sahihi yake pembeni yumo katika hali hiyohiyo. Amemwona mtoto, mwaka mzima, akitazama nje ya dirisha. Ashika kalamu, aandika.