Mahindi Yaliyolala Ndani

Mwanzoni mwa mwaka 2004 mvua iliwakuta watu wa Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, mahindi yakiwa bado shambani. Wakavuna mabichi. Chakula kilikuwa adimu na wengi waliogopa wezi, basi magunia yakalazwa ndani ya nyumba, penye joto na unyevu, wala si ghalani. Kuvu ikaota, ikaacha ndani ya punje sumu yake, iitwayo sumukuvu. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Kwa mwenye ini lililouawa na sumu hiyo, macho huwa manjano na tumbo hujaa maji.

Msiba wa namna hiyo hausahauliki. Mimi nawawazia zaidi wanaokula sumukuvu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila hata kuumwa tumbo. Ini linapojaribu kuisafisha sumu hiyo, huigeuza kuwa kemikali kali inayoshikamana na DNA. Mwaka 1991 watafiti walichunguza uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya ini wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika, wakakuta alama ileile: katika jeni ya TP53, kwenye kodoni ya 249, herufi G imegeuka T. Herufi moja! Kazi ya jeni hiyo ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike, na ikibidi kuiamuru ife. Tuna nakala zake mbili. Moja ikiharibika na ya pili ikapotea, seli huzaana bila kizuizi. Aliye na virusi vya homa ya ini aina B ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu madhara ya sumu na ya virusi huzidishana.

Watu wa Qidong waliacha mahindi wakageukia wali, na vifo vya saratani ya ini vikapungua hata kwa watu waliozaliwa kabla ya chanjo ya homa hiyo kuenea.

Nasikia bado watu wakisema kuhusu mahindi yaliyoota kuvu, "Tutayaosha, tutayapika sana yaive." Moto wa jikoni hauimalizi sumukuvu. Kuyasaga ni kuificha tu, na ng'ombe akilishwa pumba zake, sumu hurudi kwenye maziwa ya mtoto. Ndugu msomaji, anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakauke mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, chambua punje zilizooza uzitupe, hata mwaka wa njaa. Na mtoto mchanga apelekwe kliniki akapate chanjo ya homa ya ini aina B.