Mshahara wa Mwenye Duka

Duka la mtaani limeuza shilingi 200,000 leo. Toa bei ya kununulia unga, sukari na sabuni, toa bodaboda, umeme na sehemu ya siku hiyo ya kodi ya fremu: pengine zimebaki 9,000. Na humo mwenye duka, aliyefungua saa 12 asubuhi, bado hajajilipa. Maduka mengi hufia hapa wateja wakiwa bado wapo, kwa sababu droo moja inabeba mtaji, ada ya shule na mchango wa harusi. Sisemi ndugu wasisaidiwe. Wasaidiwe, ila kutoka kwenye mshahara ambao mwenye duka amejipangia na kuuandika.

Daftari la kawaida linatosha kuanzia: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa na atalipa lini. Kabla ya kukopa ili kupanua duka, kagua bidhaa ipi huisha ndani ya wiki na ipi imekaa rafuni tangu Ramadhani, maana hiyo ya pili ni fedha yako iliyolala. Jioni hii, kabla ya kufunga, hesabu fedha ya droo pamoja na salio la simu, kisha linganisha na ulichoandika.