Masaku, Machakos, Kariakoo: Deni la Jina

Je, jina lililopotoshwa linadai kusahihishwa? Swali hili huzuka kila asili ya jina Machakos inapojadiliwa. Wakamba huuita mji huu Masaku, kwa jina la kiongozi na mwaguzi wao wa karne ya 19. Maofisa wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoweka kituo chake hapa mwaka 1889, walilitamka kwa kadiri ya ndimi zao, na matamshi hayo yakawa jina rasmi. Aghalabu mjadala huishia hapo: mgeni aliharibu, mwenyeji na arekebishe.

Hoja hiyo inatikisika tukiilinganisha na Kariakoo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), Uingereza iliwakusanya wapagazi wa Kiafrika, Wakamba wengi wakiwemo, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, wabebe vyakula na risasi katika vita dhidi ya Wajerumani. Kiswahili kililipokea jina hilo kwa kanuni yake ya kumalizia silabi kwa irabu, likawa Kariakoo. Dar es Salaam, na Nairobi pia ambako huandikwa Kariokor, kambi za wapagazi hao ziliachia mitaa na masoko jina hilo. Hapa mwenyeji ndiye aliyelibadili jina la mgeni, nasi hatujasikia wito wa kulisahihisha.

Basi usahihi wa sauti pekee hauwezi kuwa kipimo cha haki. Jina Kariakoo limehifadhi kikosi, likawaacha watu. Kumbukumbu rasmi zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao wakiuawa na maradhi kuliko risasi. Baadhi ya wanahistoria hukadiria karibu 100,000. Wengi hawana kaburi lenye jina. Aendaye Kariakoo kununua kitambaa hutamka neno la msiba pasipo kulisikia. Machakos, kwa upande wake, pamoja na kasoro yake, lingali na mtu ndani yake: anayeuliza asili yake hana budi kufika kwa Masaku.

Yamkini msomaji atasema kwamba kwa hoja hii tunauhalalisha ukoloni. La hasha. Atakaye jina Masaku lirejeshwe ana haki kamili ya kulidai, na umbo la Machakos lenyewe ni ushahidi wa nani alikuwa na mamlaka ya kuandika. Tunalokataa ni dhana kwamba deni humalizika kibao kinapobadilishwa. Wapagazi wa Kariakoo hawatanufaika lolote tukiirejesha tahajia ya Kiingereza.

Kwa hiyo, mhakiki akutanapo na jina la mahali katika riwaya au utenzi, asitosheke kueleza lilivyotamkwa awali. Aulize pia limembeba nani, na limemwacha nani njiani.