Shahidi Asiyejaribiwa

Ushahidi una thamani, lakini thamani yake haizidi uaminifu wa shahidi. Kila mzee wa baraza hulijua neno hili. Ajabu ni kwamba husahauliwa upesi katika maabara, ambako shahidi hana kinywa.

Katika nchi ya Wamakonde, zilipo Newala na Kitangari, ulizuka mwaka 1952 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo. Wagonjwa waliinama wasiweze kujinyosha, na ugonjwa ukaitwa chikungunya, jina litokalo katika neno la Kimakonde la kujikunja. Damu ilichukuliwa, na R. W. Ross, mtaalamu wa virusi huko Entebbe, akapata kirusi ndani yake. Lakini kukipata kirusi si kukitia hatiani. Waliopona waliulizwa kwa damu yao: kingamwili zao, yaani silaha ambazo mwili huzifua dhidi ya adui fulani, zilikizuia kirusi kile. Damu ikatoa ushahidi.

Mwaka 1959 homa iliyofanana nayo, o'nyong-nyong, ilizuka Uganda. Ikaonekana kwamba kingamwili za chikungunya hukishika pia kirusi cha o'nyong-nyong. Shahidi hakusema uongo. Alimwona mtu akamdhani ndugu yake.

Leo jambo hili limeingia ndani ya kiini cha seli. Humo DNA imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, nazo hubeba alama ndogo za kikemia: nyingine huandamana na jeni zinazofanya kazi, nyingine na jeni zilizonyamazishwa. Mtaalamu hazioni kwa jicho. Hutuma kingamwili, mara nyingi za kununua, zimwonyeshe zilipo. Lakini katika histoni ya tatu, lisini ya 9 na lisini ya 27 zimepakana na asidi amino zile zile, na shahidi dhaifu huzichanganya. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba walijaribu kingamwili zaidi ya 200 za namna hiyo, na zaidi ya robo zilishindwa majaribio ya kupima kama hushika alama zao tu.

Je, aliyeandika yasiyo kweli kwa kumwamini shahidi huyo ana lawama? Yuko atakayesema hana: alinunua kwa nia njema, na chupa ilikuwa na jina. Hoja hii haisimami. Jina la chupa ni neno la muuzaji, na nia njema haigeuzi kosa kuwa kweli. Asiyeweza kujua husamehewa. Lakini awezaye kujaribu akaacha, ujinga wake ni wa hiari. Tena hapotei peke yake. Wengine watajenga juu ya neno lake, na mgonjwa aliye mwisho wa safu ndiye atakayelipa.

Kumjaribu shahidi si kumtukana. Ni deni kwa wale waliojikunja kwa maumivu, wakatoa damu yao ili kweli ijulikane.